Kofia Chini ya Kanga

Ndo, ndo, ndo. Mchi wa kahawa ukitwanga uani, mtaa wa Ng'ambo mjini Tabora, alasiri ya Alhamisi. Hadi leo Najiat akipita mahali panapotwangwa kitu hugeuza shingo kama mtoto aliyeitwa.

Kila Alhamisi wanawake wa mtaa walikaguana kofia walizodarizi, kabla hazijaenda sokoni. Bi Minza, mkubwa wao, alizichanganya chini ya kanga, isijulikane nani kashona ipi. Kisha zikapita mkono kwa mkono. Iliyolegea uzi ikarudi kufumuliwa, na hakuna aliyenuna. Mara nyingi, katikati ya ukaguzi, Batuli, mama yake Najiat, alisimama akajikung'uta nyuzi mapajani.

"Nipisheni nikatwange kahawa."

"Batuli na kahawa yake!" wenzake walicheka. Najiat naye alicheka. Aliamini mama anapenda kahawa tu.

Wanawake wale wameondoka duniani mmoja mmoja, mama pia. Uani pale pamejengwa fremu za maduka. Najiat sasa ni mhadhiri katika chuo kimoja hapo Tabora, na anachochunguza ni namna wasomi wanavyohakikiana makala kabla hazijachapishwa: je, mhakiki asipoona jina la mwandishi, hutenda haki zaidi? Kwa miaka miwili aliwapelekea wahakiki makala zisizo na majina. Majibu yalimfurahisha: wahakiki walionekana kutenda haki. Taarifa yake ilikuwa ya kutumwa jaridani siku ile ile, na cheo alichokingoja kwa hamu kiliitegemea.

Lugembe, mwalimu mwenzake kutoka Nzega, aliisoma huku akitafuna karanga.

"Watu wa Ng'ambo bwana! Mnadhani ukimfunika ng'ombe shuka, mwenyewe hatamjua?"

"Sema unachotaka kusema, kaka."

"Si nilikuwa mhakiki wako? Ile makala ya maradhi ya mifugo, ukurasa wa pili tu nikajua ni Masanja. Nani mwingine ana sentensi ndefu kama reli ya Kigoma? Nimesoma naye, nimekula kwao. Nikalegeza kalamu."

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza, dada'ngu?"

Hakumwuliza yeyote. Najiat alikaa. Akilini alimwona mama akiigeuza kofia moja, kidole kikitulia kwenye darizi, uso ukibadilika, halafu anainuka. Mama alikuwa ameutambua mkono wa shoga yake. Kahawa ilikuwa kisingizio; alikuwa anajitoa, asimkague rafiki. Na yeye, mwanawe, alichukua kanga kutoka uani kule, kahawa akaiacha.

Alicheka kidogo, machozi yakamlengalenga.

"Itume tu," Lugembe alisema, sasa kwa upole. "Nani atajua? Cheo kwanza, marekebisho baadaye."

Najiat aliitazama taarifa kwenye kompyuta. Miaka miwili. Aliifunga bila kutuma, akavuta kiti hadi karibu na cha Lugembe.

"Basi tuanze na wewe," alisema, kwa sauti ya chini kabisa. "Nani mwingine ulimtambua?"