Siku Pikapu Yangu Ilipokunywa Pombe ya Posa

Nimelikwepa jambo hili karibu mwaka mzima, na kama si mke wangu kuwasimulia wanakwaya wenzake (ambao kila mmoja alilibeba mpaka kwake), ningelikwepa mpaka kaburini. Sasa kwa kuwa nusu ya Gisenyi inajua nusu ya mkasa, na hiyo nusu yenyewe imetiwa chumvi, bora niueleze wote mimi mwenyewe, pamoja na vile vipande ambavyo vikinijia nikiwa naoga najikuta nimefumba macho hata kabla sabuni haijafika usoni.

Kazi yangu ni kubeba mizigo. Nina pikapu ya petroli, kuukuu, inayopanda Bugeshi na mbolea au mabati na kushuka na viazi. Kushuka si tatizo, hata jiwe linashuka. Shida ilikuwa kupanda. Barabara ile inaelekea kwenye volkano, na pikapu yangu ikifika penye mwinuko mkali ilikuwa inapumua kama mgonjwa wa pumu, gia ya kwanza, mimi nimeinama mbele juu ya usukani kana kwamba kuinama kwangu kunasaidia kitu. Siku moja basi dogo la waombolezaji likanipita, na padri aliyekaa dirishani akanitazama kwa huruma, akanifanyia ishara ya msalaba. Watu wanakwenda kuzika na bado wananionea huruma mimi. Nikasema basi, gari hii lazima ipate nguvu.

Nikaanza kusoma kwenye simu (mke wangu alidhani nimepata mwanamke, kwa jinsi nilivyokuwa naitabasamia ile skrini). Nikajifunza kwamba injini ni kama moto wa jikoni, ukiupulizia zaidi unawaka zaidi, na kwamba vipulizio viko vya namna mbili. Kuna turbo, inayozungushwa na moshi unaotoka, na hiyo husinzia kidogo kabla ya kuamka. Na kuna supachaja, inayozungushwa na mkanda wa injini yenyewe, ukikanyaga tu inaitika. Mimi mtu wa kusubiri sijawahi kuwa, nikachagua supachaja. Tena ziko zinazokaa juu ya injini, hizo zinataka utoboe boneti, na ziko za umbo la konokono zinazokaa ubavuni. Nikaihurumia boneti yangu, nikachagua konokono, na shemeji yangu aliyekulia Uganda akanitafutia moja Kampala, imetumika lakini nzima, ikaja ndani ya katoni ya sabuni.

Kwenye katoni kulikuwa na puli mbili, yaani yale magurudumu ya kupitishia mkanda, moja kubwa na moja ndogo. Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia, kwenye kigurudumu kinachoenea kiganjani.

Fundi wangu anaitwa Safari, ametokea ng'ambo ya mpaka, gereji yake iko Mbugangari. Aliziweka puli zote mbili mbele yangu juu ya gazeti, akafuta mikono.

"Patron, iyi ya mukubwa inazungusha konokono polepole, iko muzuri kwa moteri ya zamani," alisema. "Iyi ya mudogo inazungusha mbio, hewa inakuwa mingi, moto nayo inakuwa mingi. Kama we unataka iyi, bon, tubadilishe radiyateri kwanza. Yako imezeeka."

"Sasa kama ni mbaya, kwa nini wameiweka kwenye katoni?"

"Ata dawa ya panya wanauzishaka mu soko, patron. Si ya kula."

Jibu lile lilitosha kumzuia mtu mwenye akili. Mimi nikamwambia aweke ndogo, radiyateri (yaani rejeta, ile ya kupooza injini) tutaiona baadaye. Alinitazama kidogo, akachukua spana.

Kazi ilichukua siku tatu. Alihamisha betri, akachomelea kishikio cha chuma, akapitisha mabomba mapya ya hewa, akabadilisha nozeli za petroli, akafunga mkanda mrefu zaidi, na siku ya tatu jioni tukaipeleka njia ya Rubona kando ya ziwa kuijaribu. Jamani, ile sauti. Kila nikikanyaga ilikuwa inapiga wiiii, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa, na wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu waligeuka wote. Kale kamlima ka Rubona kalikwisha kabla sijamaliza kubadilisha gia. Safari akasema tusiibebeshe mzigo mzito kwanza, aiangalie wiki mbili tatu. Nikasema sawa (nilikuwa nasema sawa kwa kila kitu siku zile, nikiwa nasikiliza wiiii tu).

Sasa wiki hiyohiyo mdogo wangu Eric alikuwa anaposa. Msichana anaitwa Diane, kwao ni Bugeshi, na kwa kuwa baba yetu alishatutoka, mimi ndiye mkubwa wa nyumba, kwa hiyo heshima ya siku ile ilikuwa mabegani mwangu. Kwetu siku ya kuposa si ya kwenda kula tu. Wazee wa pande mbili wanakaa wakitazamana chini ya mahema, kila upande una msemaji wake, na wasemaji wanapambana kwa maneno matamu mpaka msichana atolewe. Ukichelewa unapigwa faini, ukikosea neno unapigwa faini, na watu wote wako pale wanahesabu makosa yako huku wanacheka.

Msemaji wetu alikuwa baba yangu mdogo, Mzee Sebahire, ambaye tulirudi naye kutoka Karagwe na ambaye Kiswahili chake na Kinyarwanda chake vyote vimenyooka kama rula. Yeye nikampakia mbele, pembeni yangu, na fimbo yake. Nyuma nikapakia makreti ya bia na soda na madumu sita ya urwagwa, pombe ya ndizi aliyoitengeneza shangazi yetu wa Kanzenze kwa mikono yake. Bia ni kinywaji tu. Urwagwa siku ya posa ni neno la heshima lililowekwa kwenye dumu.

Mke wangu, aliyekuwa ndani ya basi dogo pamoja na ndugu wengine, aliniambia kupitia dirishani, "Papa Keza, twende pamoja, polepole." Nilimjibu kwa kukanyaga mafuta. Wiiii, nikawaacha.

Kwa nusu saa nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wilayani Rubavu. Nilipita lori la viazi, nikapita pikipiki, na Baba mdogo akiwa ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili, akiyarudia maneno yake ya ufunguzi kwa sauti ya chini, ambayo baadaye niligundua yalikuwa sala. Kisha akanusa.

"Kuna kitu kinaungua."

"Ni kipya, Baba mdogo. Kinazoea."

Mshale wa joto nilikuwa nimeshauona. Nilikuwa nauona kama unavyomwona mtu unayemdai njiani anapogeuza uso, ila mimi ndiye niliyekuwa nageuza uso. Mvuke ukatoka pembeni ya boneti, mwembamba, halafu mwingi, halafu kioo chote kikawa cheupe, na hapo hata mimi nikakubali kusimama.

Na hapa ndipo lilipo kosa langu kubwa, kubwa kuliko puli. Msafara wetu ulitufikia. Basi likapunguza mwendo, ndugu zangu wote wakachungulia, mke wangu akauliza kuna nini. Mimi nikajipanga mbele ya boneti nimetanua mikono kuuficha mvuke (mvuke, jamani, unafichwaje), nikasema, "Hakuna kitu. Nakaza mkanda tu. Tangulieni."

Wakatangulia. Baadaye niliambiwa kwamba ndani ya lile basi kulikuwa na dumu zima la maji, limekaa miguuni pa shangazi.

Baba mdogo alikuwa ameshuka, ameegemea fimbo yake.

"Umewaambia watangulie," alisema.

"Ndiyo."

"Na msemaji ni mimi."

"Ndiyo, Baba mdogo."

"Sawa," akasema, akageuka kuangalia volkano.

Simu ilikuwa mfukoni, ina chaji na ina mtandao, lakini ningewapigia niseme nini wakati dakika mbili zilizopita nimesema hakuna kitu? Nikasubiri injini ipoe kidogo, nikamimina chupa yetu ya maji ya kunywa, ikapotea kama tone kwenye jiko. Nikakimbia kwenye bomba la kijiji, kavu. Mama mmoja aliyebeba kapu la viazi akaniambia maji yanakuja kesho kutwa, labda. Nikarudi, nikasimama, na macho yangu yakaenda yenyewe kwenye yale madumu sita.

"Kopo moja tu," nikasema.

Baba mdogo aligeukia volkano tena. Nadhani hakutaka kuwa shahidi.

Kopo moja likaingia, injini ikakubali, tukaenda mwendo wa kilomita moja, ikachemka tena. Kopo la pili. La tano, kisha nikaacha kuhesabu. Kufika kona ya mwisho, madumu mawili yalikuwa matupu, na kwa kuwa urwagwa ni pombe yenye uhai, ilikuwa imeanza kufanya kazi yake mle ndani, povu la kahawia likitoka kwenye mpira wa radiyateri na kuteremka mbele ya gari kama ndevu. Harufu yake ilitangulia mbele yetu. Nyuki wawili watatu wakaungana na msafara.

Tulichelewa saa nzima. Ndugu zetu wote walikuwa wamesimama nje ya lango juani, kwa sababu wageni hawaingii bila msemaji, na Eric amelowa jasho ndani ya suti yake, ananitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwa mdogo wangu. Lango likafunguliwa, ndugu wakaingia kwa miguu, nami nikasogea nyuma yao mpaka karibu na mahema, supachaja inalia, mkanda unateleza, nikazima. Kukawa kimya kizuri cha pumzi moja. Kisha kifuniko cha radiyateri kikaruka, na povu likapanda juu kupitia mwanya wa boneti, likanirudia kifuani nilipokuwa nashuka, kwenye shati jeupe.

Msemaji wao alikuwa mwalimu mstaafu, mfupi, mpole wa uso, na alikuwa na kipaza sauti. (Alisema kwa Kinyarwanda, mimi nawatafsiria.)

"Wageni wetu, karibuni. Tumewasikia tangu mkiwa mbali, tukadhani mmetuletea filimbi. Sasa kabla hamjakaa, naomba dereva asogee katikati atuambie. Hii gari yenu imekunywa nini?"

Baba mdogo, bingwa wa maneno, alinisogezea tu njia kwa fimbo yake. Nikaenda katikati ya mahema mawili, watu kama mia wananitazama, shati linadondosha.

"Imekunywa pombe yenu," nikasema.

"Kiasi gani?"

"Madumu mawili."

Hakuna aliyecheka. Baba yake Diane, mtu mrefu asiye na maneno, aliinuka, akaingia ndani ya nyumba na kufunga mlango. Nilimsikia Eric nyuma yangu akivuta pumzi. Nilifikiri, hapa nimemkosesha mke mdogo wangu kwa sababu ya kigurudumu.

Kisha bibi yake Diane akasimama kutoka safu ya mbele. Mzee sana, amejifunga kitambaa chake vizuri begani. Alinipita kama anayepita mti, akaenda mpaka kwenye pikapu, akachovya kidole kwenye povu la boneti, akalamba. Akachovya tena.

"Nani ametengeneza hii?"

Shangazi wa Kanzenze akainua mkono kwa woga.

"Wewe unajua kazi," bibi akamwambia. Kisha akanigeukia. "Na wewe, binadamu wote hawa wana kiu, ukaona uipe gari?"

Hapo ndipo mahema yote mawili yalipolipuka kwa kicheko, na mwalimu akaweka kipaza sauti chini ajifute machozi. Bibi akasema nyumbani kwake kuna madumu mawili, yaletwe, yajazie pengo, ila dereva atatembea na kopo kumhudumia kila mgeni mpaka jioni, kwa miguu, na yeye bibi atahudumiwa wa kwanza. Mlango wa nyumba ukafunguka, baba yake Diane akatoka macho mekundu, akakaa. (Diane alituambia baadaye kwamba aliingia chumbani kucheka, kwa sababu mkwe hatakiwi kumwona akicheka mapema.)

Walimtoa Diane kabla jua halijashuka. Mimi nilihudumia zaidi ya watu mia, na kila mmoja alinipokea kwa swali lilelile, kama hii ni ya watu au ya gari.

Pikapu ilivutwa na lori la viazi mpaka Mbugangari, lile lile nililolipita asubuhi, dereva wake akitabasamu njia nzima. Gasketi ya juu ilikuwa imeungua. Safari alifungua radiyateri, akainamisha pua, akanusa kama aliyefika mlangoni mwa baa.

"Patron, mi nilisemaka radiyateri," alisema. "Sikusemaka cabaret."

Akaitoa ile puli ndogo, akafunga kubwa, akaweka radiyateri mpya, na ukweli lazima niuseme, sasa inapanda Bugeshi na mzigo, gia ya pili, bila haraka na bila makelele. Kumbe ndivyo ingekuwa tangu siku ya kwanza.

Watu wananiuliza kama nimejifunza kusikiliza mafundi. Hilo nimejifunza, ndiyo, lakini silo linaloniuma. Linaloniuma ni lile basi limejaa watu wangu, limepunguza mwendo kwa ajili yangu, na mimi nimetanua mikono mbele ya mvuke nawaambia waende. Kwa hiyo nimeapa, na mke wangu ni shahidi: siku nikikwama tena, hata mbele ya gari la askofu, nitasimama katikati ya barabara na kopo mkononi niombe maji.