Miche Miwili Nyuma ya Mbaazi

Dada yangu mkubwa anaishi Marekani, katika jimbo ambalo bangi inauzwa dukani na mtu anapewa risiti kama amenunua sukari. Yeye ndiye aliyenishauri. Mama alikuwa na saratani iliyofika kwenye mifupa, mofini ya hospitali ilikuwa inamwishia kabla ya tarehe ya kurudi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza kitandani akilia. Dada alipiga simu akanieleza kila kitu: namna ya kuchemsha majani na maziwa, kiasi cha kuanzia, hata saa ya kumpa. Nilimkumbusha kwamba hapa Makueni sheria haina mlango wa mgonjwa, ukipatikana nayo ni kosa tu. Alicheka. Alisema serikali yetu imechelewa, na kwamba likitokea la kutokea atasimama nami.

Nilimwamini. Hilo bado linaniuma kuliko mengine yote.

Mbegu nilizipata Mtito Andei kwa utingo wa lori, zimefungwa kwenye gazeti kama njugu. Mimi, mwalimu wa Sunday school, nilizibeba hadi nyumbani karibu na Mbumbuni chini ya sukuma wiki, nikitokwa na jasho njia nzima. Nikapanda miche miwili nyuma ya mbaazi. Ilipokomaa, mama alianza kunywa kikombe kidogo cha maziwa yale, nikimwambia ni dawa ya dada, na siku ya tatu aliomba chakula. Miezi ilikuwa imepita bila yeye kuomba chochote ila kifo.

Kosa langu lilikuwa kusahau zamu. Mwethya, kikundi chetu cha wanawake wa kulimiana mashamba, ulikuwa umefika kwangu, na mwethya haurudishwi mlangoni; ukiurudisha umejitenga na watu. Wakaingia na majembe kuchimba matuta. Niliwafuata. Walipofika kwenye ile miche, mwenyekiti wao alisimama, akaitazama, akanitazama na mimi, kisha akawaambia wenzake wapitishe mtaro upande wa pili wasije wakaharibu mboga ya mgonjwa. Hakuna aliyeuliza ni mboga gani. Mmoja aliipalilia kabisa.

Na hao ndio niliokuwa nikiwaogopa.

Dada alikuja Desemba. Kanisa lilimwandalia Jumapili ya shukrani, kwa kuwa yeye ndiye aliyejenga jiko jipya, na nadhani mke wa pasta alikuwa amemnong'oneza kwamba kuna maneno kuhusu boma letu. Alipopewa kipaza sauti, aliwasalimu watu, akashukuru, kisha akafumba macho.

"Ombeeni nyumba ya mama yangu," alisema. "Kuna mtu amepanda bangi pale, na mimi siwezi kunyamaza."

Naibu chifu alikuwa ameketi mbele, ni mzee wa kanisa. Naamini alijua zamani, maana huyu hupita shambani kwetu karibu kila siku. Lakini jambo likishaombewa mbele ya kanisa zima, atajifanyaje hajui? Jumatatu asubuhi alikuja na polisi wawili. Aling'oa miche kwa mikono yake mwenyewe, bila kunitazama usoni. Nilishindwa hata kumkasirikia. Hakimu alinipa kifungo cha nje, na nikatumikia kwa kufagia zahanati.

Dada nilimuuliza mara moja tu, akiwa anafunga mizigo. Alinijibu kwa upole, na upole huo ulinichoma.

"Kule kwetu ni halali, lakini hapa si halali. Ungetaka niseme nini mbele ya watu wa Mungu?"

Nilitaka aseme simu ilikuwa yake. Nilitaka akae siku moja tu zaidi, amgeuze mama kwa mikono yake. Aliondoka na gari la saa nne.

Maumivu yalikuwa yamerudi. Mama aliuliza maziwa yake yako wapi, na mimi, ambaye sikuwa na kosa kwake, nikadanganya. Nilimwambia mbuzi waliingia shambani wakala majani yote.

"Mpigie dada yako," mama alisema, amenishika mkono. "Mwambie mwaitu, mama yake, anaumia. Ni yeye tu alinionea huruma."

Nikamwambia nitampigia.