Ua Lililomtoa Dana Kitandani

Nilipokuwa mtoto kule Ndhiwa, ua zuri kuliko yote ndilo tulilokatazwa kuchuma. Lilichomoza kichakani mvua za kwanza zilipoanguka, kabla hata ya majani yake: duara jekundu la nyuzi nyembamba juu ya shina tupu. Ukiliingiza nyumbani, tuliambiwa, radi italifuata.

Nyanya yangu, tuliyemwita Dana, alikwenda kuyatazama maua hayo kila mwaka. Akisharidhika, ndipo alipopanda mahindi. Na kwa kuwa alikuwa mke mkubwa, hakuna mtu wa boma letu aliyeruhusiwa kutia mbegu ardhini kabla yake. Mwaka ule mguu ulimvimba, akalala wiki mbili akiugeukia ukuta. Mvua ikanyesha. Mashamba ya majirani yakaanza kuwa kijani, yetu matupu.

"Mbegu zangu zitaota kwenye debe!" mke mwenzake alipaza sauti kutoka uani. "Unapanda lini, au unangoja uletewe shamba kitandani?"

Dana akavuta shuka hadi kichwani.

Hapo ndipo nilipokwenda kichakani. Maua yalikuwa yametapakaa chini ya miti, yakiwaka kivulini. Nikakata moja, nikalificha chini ya sweta, nikaingia nalo hadi kitandani kwake huku mawingu yakinguruma upande wa ziwa.

"Litoe nje!" Dana akafoka. "Unataka tuungue?"

Nikakimbia uani, nikasimama nikilia, sijui niliweke wapi. Kisha nikasikia fimbo ikigonga sakafu. Dana alikuwa mlangoni, ameshikilia fremu, amenikazia macho. Halafu akalitazama ua. Akalitazama muda mrefu.

"Yako mengi kule kichakani?"

"Mengi, Dana."

Akacheka. "Mtoto huyu atatuua. Mwite mwenzangu aje anishike mkono."

Walikwenda shambani polepole, wake wawili wa mume mmoja, huyu akimwegemea yule. Dana akaangusha mbegu katika mashimo matatu, akapumua.

"Haya, mpiga kelele. Zamu yako."

Radi haikuja. Nimesoma hadi chuo, na siamini tena kwamba ua huita radi. Lakini najua kwamba bila woga ule, sisi watoto tungeyachuma maua hayo yakaisha. Kila Machi nikirudi nyumbani huingia kichakani, nikachuchumaa, nikatazama bila kugusa. Nashukuru kwamba kulikuwa na kitu kizuri kiasi cha kuogopwa, na mwanamke aliyeinuka, mguu ukimuuma, ili akione.