Kidude cha Mlango wa Friji

Jirani wa Glenys pale mjini Whyalla huunda gerejini vidude vya kumpasha habari za nyumba bila waya: joto la banda la kuku, maji ya tangi, barua ikiingia sandukuni. Kila kimoja hukaa ndani ya kopo la aiskrimu, ambayo lazima kwanza aimalize mwenyewe, ndiyo maana tumbo limemtangulia. Akiungua na lehemu hupuliza kidole, akaendelea. Halafu hukiinamia kidude: “Haya, mama, sema basi.” Simu yake ikilia kwa ujumbe wa kidude, huijibu kwa adabu, “Ahsante.”

Glenys alipofiwa na mumewe, jirani alimbandikia kimoja kwenye friji. “Ukisahau kufunga mlango, nitajua.” Glenys hajawahi kusahau, lakini alimwachia tu. Alhamisi moja, saa moja kasorobo asubuhi, mlango wake ukagongwa kwa ngumi. Jirani alikuwa na pajama, kandambili mguu mmoja, bisibisi mkononi.

“Nimekuja kubadilisha betri,” alisema akihema.

“Si ulibadilisha juzi, wewe?”

Jirani akamtazama usoni, miguuni, usoni tena. “Maziwa ya chai wewe huyatoa saa kumi na mbili na nusu.”

“Leo nimekatazwa chai, jirani. Nakwenda kupimwa damu.”

“Basi kidude kinafanya kazi,” akasema, akaenda zake bila kugusa betri.

Glenys akarudi jikoni. Kisha akafungua friji, hakutoa kitu, akaifunga.

Ng'ambo ya ua, gerejini, simu ikalia, ikasikika sauti: “Ahsante.”