Pwani Hakuna Lifti

Mohamedhussein, muuza vitambaa wa Mchangani, hakuwa na hofu ya kuzeeka mpaka karata zilipoanza kumtoka kichwani. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akicheza mchezo wa karata wa wahedi wa sitini barazani, upande mmoja na Sabri, na kuwafunga hao wawili haikuwa kazi ndogo. Siku hiyo alitupa kopa akidhani ree, karata kubwa kuliko zote, imeshatoka. Kumbe wapinzani wameikalia!

Sabri alitupa karata zake chini. "We, kichwa umekisahau dukani? Ukenda hivi nnamchukua Amour awe mwenzangu."

Maneno yalimchoma. Rafiki mwengine kama Sabri hakuwa naye.

Akenda kwa daktari, naye akamwambia presha imepanda na sukari inanyemelea, na ubongo nao unalishwa na damu hiyo hiyo. Apunguze halua na vya kukaanga, azidishe samaki, kunde na mboga, na atembee kila siku. Hakumuahidi miujiza, alisema huenda ikasaidia.

Kesho yake akashika njia ya Mtoni kwa miguu. Maskini, hakufika mbali. Mtu mzima na heshima zake, atembee juani? Gari ikasimama.

"Shikamoo mzee! Vespa imekufa? Panda nkupeleke."

Angekataa vipi? Akapanda, akafikishwa, akakaribishwa chai, akala katlesi za kukaanga kwa adabu. Kila siku yakawa hayo hayo, mpaka mkanda ukagoma kufunga.

Mkewe, Shaheen, alicheka hadi machozi. "Basi pita pwani maji yakitoka, mchanga ukibaki wazi. Huko nani atakupa lifti, kaa?"

Hapo ndipo alipopona. Miezi ikapita akitembea pwani, viatu mkononi, usingizi ukawa mtamu, chai bila sukari akaizoea. Karata nazo zikaanza kukaa kichwani; si zote, lakini za kutosha. Yeye husema ni miguu, Shaheen hushikilia ni kunde zake.

Jioni moja Sabri akaikata kwa turufu karata ya Mohamedhussein, mwenzake mwenyewe, iliyokuwa imeshashinda. Wakafungwa. Baraza zima likamgeukia Mohamedhussein kungoja matusi.

Sabri akainamisha kichwa. "Nsamehe. Na mimi zinanipotea, tokea zamani. Nliogopa kusema."

Mohamedhussein akazikusanya karata, moyo umemjaa.

"Kesho asubuhi maji yanatoka," alisema. "Ntakupitia, twende sote."