Upinde Uliokwanguliwa kwa Ajili Yangu

Wiki iliyopita fundi aliyekuwa akinitengenezea kabati hapa nyumbani Miyuji, Dodoma, aliishiwa msasa. Badala ya kwenda dukani akavunja chupa, akachagua kipande, akaanza kukwangua ubao: krrr, krrr, krrr. Nilikuwa nachambua mchele, nikaacha. Sauti ile ilinirudisha kwa Mjomba Gaudensi, kaka yake mama, kijijini nyuma ya Kwa Mtoro, nikiwa darasa la nne na mdomo mrefu kuliko akili.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yalikuwa yameanza kujaa tena, na mimi nilishuka kwenye lori likizo ya Juni nikiwa na suruali ya mtumba yenye mifuko mpaka magotini, nikijiona nimetoka Ulaya. Damasi, mtoto wa mjomba, niliyelingana naye umri, alinitazama juu mpaka chini, akasema watu wa mjini tunakula dagaa kwa sababu hatujui kupiga samaki. Nikamjibu kwamba sipandi lori la kurudi kabla sijampelekea Bibi kambare kwa upinde wangu mwenyewe. Bahati mbaya watu wazima walisikia, na pale kijijini likishasikika limesikika.

Mto ulikuwa umekatika, yamebaki madimbwi ya maji mazito yanayonuka matope, na kambare wamejazana humo. Watu wa mama yangu ni Wasandawe, na kwao kambare hupigwa kwa mshale wenye meno, uliofungwa uzi wa nailoni ili umvute akishanasa. Wasichana hawakuwa wakipewa upinde. Lakini Mjomba aliukubali wangu kabla sijamaliza kuomba.

"Mpwa wangu atakuwa na upinde," alitangaza. "Nami nitauchonga na kuulegeza mwenyewe mpaka umkae."

Bibi alimtazama sana, akasema neno moja la Kisandawe lenye ule mlio wa ulimi ambao mimi nikiujaribu natoa mate tu.

Mjomba alikuwa mtu wa kifua na sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Mwaka uliotangulia alianguka mtini akirina asali, akaumia bega. Alisema limepona, na aliyeuliza mara ya pili alijibiwa kwa ukali. Upinde wake mkubwa ulining'inia juu ya mlango. Haukushushwa kwa sababu upote, yaani kamba yake, ulikuwa umeliwa na panya. Damasi akasokota upote mpya. Mjomba akasema sasa mti wenyewe unahitaji kupumzika, na ukapumzika mpaka buibui wakaujengea.

Kwa kina mjomba upinde hupimwa kwa salamu. Unavuta mpaka upote uguse kidevu, unashikilia hapohapo, mwenzako anakusalimia nawe unaitikia zote. Sauti ikitetemeka, upinde ni mgumu kwako. Basi unakwanguliwa upande wa ndani kwa kipande cha chupa, juu kidogo, chini kidogo, kisha unapakwa mafuta ya mbuzi. Na salamu za kule si za haraka.

"Hujambo, Sesi?"

"Sijambo. Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mama hajambo? Baba je? Kuku? Yule mbwa wenu?"

"Mbwa alikufa, mjomba."

"Ala! Pole sana. Aliugua nini?"

Hapo mkono ukaanza kucheza na sauti ikaufuata. Mjomba akakaa chini, krrr, krrr. Kesho yake niliweza kueleza ugonjwa wa mbwa tangu alipoanza kukohoa hadi mazishi, bila kutetemeka. Nikajua tumemaliza. Mjomba akatikisa kichwa.

"Bado mgumu."

"Mbona nimeweza?"

"Upinde wa samaki si upinde wa kuwinda pofu porini. Kambare yuko hapa miguuni. Ukiwa mkali, mshale unajizika matopeni na uzi unakatika."

Hilo ni kweli, kila mtu kule analijua, kwa hiyo nikampa upinde. Akanichukua nyuma ya jiko, akauvuta yeye. "Nisalimie." Nikamsalimia. Alifika kwa kuku, sauti ikawa ya mtu aliyemeza ugali wa moto, akaushusha. "Unaona? Mgumu kwako." Sikuelewa ugumu wangu mimi ulionekanaje shingoni kwake, ila yeye ndiye mtu mzima.

Ikawa hivyo kila jioni. Bibi aliwashia moto maranda ya upinde wangu. Damasi aliniuliza kama ni wa kuning'inizia nguo. Lori lilikuwa linakaribia, upinde unazidi kukonda, nami nikiona aibu yangu inakuja kwa miguu yake. Nilimsihi Mjomba aache. Jioni moja hatimaye aliitikia zote, mpaka mbwa, kwa sauti yake yote, akabaki ameuvuta muda mrefu baada ya salamu kuisha, anatabasamu peke yake.

"Sasa umekukaa," akaniambia.

Asubuhi dimbwini nililenga kambare mkubwa. Mshale ulitua mgongoni mwake kwa upole, naye akasogea pembeni kidogo kana kwamba anampisha mtu kwenye benchi. Damasi alicheka mpaka akakaa kwenye matope. Mimi nililia, sikujificha.

"Lete nikuonyeshe," Mjomba akasema. Aliingia maji ya magoti, akamkaribia kambare mno, akavuta. Mama mmoja aliyekuwa anachota maji akamwita, "Gaudensi, hujambo? Bega je?"

"Halijambo!" aliitikia bila kugeuka, upote kidevuni, na ng'ambo ya mto walisikia. "Na kwako hawajambo?"

Kisha akaachia, akiwa amelenga chini ya pale jicho linapomwona samaki. Kambare alitoka ana urefu wa mkono wangu. "Upinde wa Sesi umeua!" Mjomba alipiga kelele, na akaamua palepale kwamba samaki ni wa mwenye upinde. Bibi aliniwekea kipande kinono kuliko vyote, akasema, "Umemfaa mjomba wako." Nilidhani ananibembeleza tu.

Upinde niliuacha kwake anitunzie. Kila kiangazi aliuvulia, na kila aliyepita aliambiwa kwamba ni wa mpwa wake wa Dodoma, yeye anauzuia tu usikauke.

Mwaka jana bega langu la kulia liligoma, na siku niliyoshindwa kuanika shuka ndipo nilipomwelewa Mjomba. Upinde ule haukuwahi kukwanguliwa kwa ajili yangu. Angemsingizia mwanawe, Damasi asingekubali upinde laini, na kijiji kizima kingejua kabla ya jioni. Alihitaji mtoto wa kusingiziwa, nami nikashuka kwenye lori na suruali yangu. Nilicheka sana siku ile, kisha nikamlilia, maana hayupo tena nimwambie kwamba nilifurahi kumfaa.

Fundi alipomaliza kukwangua alisimama, akaangalia alama nilizomchorea ukutani.

"Mama, hizi rafu mbona unazitaka chini hivi? Kwani nani atazitumia?"

"Mjukuu," nikamjibu kwa sauti yangu yote.

Sina mjukuu. Fundi akachukua futi yake, akashusha ubao.