Mdomo wa Mama Mdogo

Juzi nilikwenda Ruangwa kumwona mjukuu wangu, nikamkuta kajifungia chumbani na kioo. Eti midomo yake minene, haendi harusini. Nilikaa kando yake nikamkumbuka mama mdogo, mdogo wake mama yangu.

Wakati ule nilikuwa mtoto, tukiishi kwa bibi huko Chinongwe. Mama mdogo alikuwa mwali aliyekwisha kuchezwa unyago, mrefu, mweusi wa kung'aa, na kwenye mdomo wa juu alivaa ndonya, kipande cha mpingo cha mviringo. Bibi ndiye aliyemtoga, akawa anampanulia tundu kidogo kidogo miaka yote. Kwetu huo ndio ulikuwa uzuri. Alfajiri akitwanga mtama aliimba, ndonya ikichezacheza, na majirani wakimwitikia kutoka nyuani mwao huku pumba na moshi vikinukia kila mahali. Alijipenda, na kwa nini asijipende?

Mchumba wake alikuwa Nachingwea, kibarua kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu. Baada ya mavuno mama mdogo alimfuata na tenga la kuku, nami nyuma yake na kibuyu cha maji, tukatembea hadi miguu ikavimba. Kambini vijana waliotoka majimbo mengine walimzunguka wakimcheka, mmoja akamuuliza kama sahani hiyo huiosha akishakula. Mchumba alikuwepo. Hakucheka, lakini alitazama chini, na baadaye akamwambia, "Ukija kuolewa huku, hilo uliache kwenu."

Njiani tukirudi aliivua ndonya akaitupa porini. Aliamini tundu litaziba, kama matundu ya masikio yanavyoziba ukiacha kuvaa hereni. Halikuziba. Mdomo ulining'inia, uji ukamvuja, maneno yakatoka na mate. Mchumba akaoa mwingine huko huko, na nyumbani nako wasichana wenzake wakamcheka kwa kukosa ndonya. Akawa hana pa kuuweka uso wake. Alijitanda kaniki hadi puani, akala peke yake nyuma ya jiko, kisha akawa hali kabisa.

"Kula, mwanangu, hapa hakuna anayekutazama," bibi alimbembeleza.

Alikufa kabla ya mvua. Watu walisema homa. Mimi niliyekuwa nikirudisha bakuli zake zikiwa zimejaa nasema ni haya iliyomuua.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu yangu kutogwa. Bibi alichukua mwiba, akaushika mdomo wangu kwa vidole. Kisha akautupa mwiba motoni. "Mmoja anatosha," alisema, na nyumbani kwetu hakutogwa mtu tena.

Siku hizi ndonya huzioni ila kwenye picha, na watu wakiziona hucheka. Mimi huambiwa kwamba hata uzeeni nina mdomo mzuri. Wakinisifu hivyo sina raha. Nilibaki na mdomo huu kwa sababu mama mdogo alikufa.